Datsun ya Baba Yako Imeamka

Merigi,
Bomet.
17 Agosti 1996

Kwa mwanangu Kipkosgei,

Chamgei, mwanangu? Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, na kwamba lile joto limeacha kukunyima usingizi. Sisi huku hatujambo. Mvua ya mawe iliangukia chai yetu ya upande wa juu, lakini majani yameanza kuchipua tena. Yule ng'ombe mwenye baka amezaa ndama jike. Dada yako Chepkurui anakusalimu sana, na anauliza kama bado unakula ugali au umegeuka mtu wa wali.

Nakuandikia hasa kwa sababu ya gari la marehemu baba yako, ile Datsun ya mbio aliyonunua kwa meneja mzungu wa mashamba ya chai alipokuwa akirudi kwao. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani unakumbuka alivyoipenda. Alikuwa ameona magari ya aina hiyo yakipita kwenye Safari Rally wakati wa Pasaka, akarudi nyumbani na matope hadi kwenye nyusi, akicheka kama bwana arusi. Kisha injini ikakwama, naye akatuacha kabla ya kuitengeneza. Kuku wakahamia ndani.

Najua ulinishauri vizuri uliposema niiuze kwa wale wanaonunua vyuma vikuukuu. Walikuja, Kipkosgei. Mmoja wao akapiga mlango teke ili aone kama bati lina nguvu, nami nikasikia uchungu kama amempiga mtu wa nyumba yangu. Niliwapa chai wakanywa, kisha nikawaambia waende. Sikukuandikia, kwa maana niliogopa utanicheka.

Tuliitoa kwenye banda kwa kuivuta na ng'ombe. Nikamwita Ondieki, yule fundi Mkisii mwenye gereji hapa sokoni, akazunguka gari mara kadhaa. Mwishowe akaniambia kwamba sakafu imeliwa na kutu, lakini moyo wake haujafa. Basi kila Jumamosi, nikishapeleka majani yangu kwenye kituo cha kununulia chai, nilivaa ile ovaroli ya baba yako nikaenda kufanya kazi naye. Ondieki alichomelea mabati, mimi nikapiga msasa. Nilijifunza kufungua kabureta na kuziosha kwa petroli mpaka zikang'aa. Viti nilivishona mwenyewe kwa cherehani yangu, na sindano zikavunjika hata nikapoteza hesabu. Kioo cha mbele kilitoka Nakuru kikiwa kimefungwa kwenye blanketi, na mke wa Ondieki, Nyatichi, alikipakata njia nzima kama mtoto. Rangi tuliyopaka ni ile ile ya kwanza, ya chungwa.

Siku injini iliponguruma, Nyatichi alipiga vigelegele, nami nikakaa chini kwenye nyasi nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nilikuwa nimefanya jambo ambalo hata baba yako hakuwahi kulimaliza.

Ondieki alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa shule, na leseni nimepata Kericho. Jumapili ya kwanza nilipoenda nayo kanisani, mchungaji alilazimika kungoja, maana waumini wote walikuwa nje wakiitazama.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Baba yako mdogo Kiptum, ambaye miaka yote hakuja hata kuuliza kama banda linavuja, alipata habari. Tajiri mmoja wa Kericho alikuwa amemwambia yuko tayari kuinunua. Akaja hapa na Mzee Kiplimo na wazee wengine wawili wa ukoo, akasema mali ya ndugu yake haiwezi kubaki mikononi mwa mwanamke. Nilijitetea. Niliwaeleza lilikuwa gofu la kuku, nikawaonyesha mikono yangu. Wazee wakanong'onezana, kisha wakasema kwa upole kwamba Kiptum ana haki, aondoke nayo siku hiyo hiyo. Nikampa ufunguo.

Akaingia, akawasha. Stata ikazunguka, injini ikakataa. Akajaribu tena na tena mpaka jasho likamtoka. Vijana wakaisukuma kwenye mteremko hadi barabarani, bado haikuwaka. Watu waliokuwa wakichuma chai wakaacha vikapu wakaja kutazama. Ndipo nikamwomba Mzee Kiplimo ruhusa nijaribu. Akasema, "Mama, ikikuwakia wewe, tutaongea upya." Nikafungua boneti, nikapangusa nyaya kidogo kwa leso yangu, nikaingia, nikawasha. Ikanguruma mara moja! Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema mtu asiyeweza kuliamsha gari hawezi kudai ni lake, na kwamba Datsun ni ya aliyeitengeneza, na neno hilo lisirudiwe tena katika ukoo. Kiptum aliondoka bila kumaliza chai.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu ila Ondieki. Ndani ya distributa kuna kidude kinachoitwa rota, si kikubwa kuliko kidole gumba. Bila hicho moto haufiki kwenye plagi, hata usukume gari mpaka Fort Ternan. Asubuhi ile nilipowaona wazee wakifungua lango, nilienda upesi nikakitoa, nikakifunga kwenye pindo la leso yangu. Wakati napangusa nyaya ndipo nilipokirudisha. Ukoo mzima unasema gari linamjua mwenyewe, nami nanyamaza. Nimeomba Mungu anionyeshe kama ni dhambi, na mpaka leo hajanijibu, kwa hiyo naendelea kuendesha. Tafadhali usimwambie baba yako mdogo, maana ameanza kutusalimia tena, na sitaki aaibike mara mbili.

Wasalimie wote unaoishi nao. Chepkurui amekuwekea maziwa ya mursik yaliyoganda vizuri kwenye kibuyu kizuri. Ukija Desemba, ukishuka Kericho, usihangaike kutafuta gari la kukuleta nyumbani. Angalia gari la rangi ya chungwa lililozungukwa na watu, na mama yako ndani yake, ameshika usukani.

Ni mimi nikupendaye,
Mama yako,
Rebeccah Chepngetich