Baiskeli Inayonesa

Kaka Baraka, shikamoo.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: mnyororo wa baiskeli yangu haukuwa ukichomoka kwenye ule mteremko wa shuleni, kama nilivyokuwa nikidai. Nilikuwa nashuka na kuikokota baiskeli kwa sababu naogopa kuteremka.

Jana hapa Nzuguni, nyumbani kwa mjomba, jirani alimletea mjomba baiskeli ya milimani, ya mtumba, aijaribu kabla ya kununua. Magurudumu yake ni makubwa ajabu, na ina springi mbele na nyuma. Nilipoikalia ilididimia, nikaruka chini nikidhani nimeivunja. Mke wa mjomba aliizunguka, akauliza, “Keria iko wapi? Dumu la maji nitalifunga kwenye springi?”

“Iteremshe pale kwenye mawe, ndipo utaijua,” jirani alisema.

Mjomba akanigeukia. “Nenda wewe, goti langu halitaki.”

Niliona aibu kukataa. Magurudumu yaliyapanda mawe, baiskeli ikanesa, nami juu nikabaki kama nimekaa kitini. Nikajiuliza: miaka yote nimeogopa mteremko, au ule mtikisiko tu? Kufika chini, vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye breki zote mbili.

“Mbona hata kuku wamekupita?” mjomba aliniita kutoka juu.

Ungekuwepo ungecheka kuliko wote, na nisingekasirika. Nawakumbuka, na ukungu wa nyumbani naukumbuka pia, maana upepo wa huku umenipasua midomo. Mpe mama salamu zangu nyingi.

Basi, mjomba aliponitania vile, nikaikokota baiskeli hadi juu, nikaigeuza, nikaachia breki.

Mdogo wako,
Upendo