Kiti cha Kushoto

Lubumbashi, tarehe 14 Juni

Kwa Baba yangu, Mzee Abibu,

Assalam aleikum. Ninakusalimu wewe na Mama, na wote wa nyumbani huko Mokambo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku tu wazima wa mwili. Vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria, na mdogo wetu Yasmine anakohoa, lakini si kukohoa kwa kutisha. Mama mwambie kitenge chake nimekipata, kile cha kijani alichokuwa anakitaka.

Najua umekunja uso ulipoona ni nani amekuletea barua hii. Ndiyo, ni Zakari. Ulisema mbele ya ndugu wote kwamba asikanyage tena mlangoni pako, na mimi dada yake ndiye niliyemwomba aje. Nakuomba kitu kimoja tu, Baba: usimfukuze kabla hujafika mwisho wa karatasi hii. Mwache asimame hapo nje, amezoea kusimama siku hizi.

Habari ya ajali uliipata kwa simu, na kila aliyepiga aliongeza chumvi yake. Acha nikueleze mimi niliyekuwa ndani.

Unalijua gari lako, ulilivusha mwenyewe kutoka Zambia, usukani kulia. Kwetu magari yanapita kulia, kwa hiyo dereva anakaa upande wa majani, na akiwa nyuma ya lori anaona mgongo wa lori basi. Anayekaa kiti cha kushoto ndiye anayeona mbele. Nilikuwa na miaka kumi na miwili uliponikalisha kiti kile kwa mara ya kwanza. Ulinifundisha niangalie, niangalie tena, ndipo niseme. Ukaniita Jicho, na mpaka leo wajomba wananiita hivyo. Nilijivunia jina lile kuliko diploma yangu.

Siku ile ya Jumamosi tulikuwa tunaenda Luano kumpokea mjomba Aboubakar uwanja wa ndege. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshatoka, barabara kavu. Mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga linatambaa. Zakari akatoka nyuma yake ili alipite. Upande wa pili alikuwa anakuja mtu na baiskeli yenye magunia matatu ya makala, mkaa wa kupikia, yuko upande wake, hana kosa lolote. Nilisikia kishindo, kisha kioo cha mbele kikawa cheusi chote. Nilidhani nimepofuka. Kumbe ni vumbi la makala. Baba, sijapata kushtuka vile tangu nizaliwe, na mpaka leo nikifumba macho ninauona weusi ule.

Mtu yule anaitwa Rigobert, wa kule mtaa wa Annexe. Ana mke, Victorine, na watoto wanne. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Polisi walipouliza, Zakari alisema yeye ndiye aliyekuwa anaendesha, na kwamba alipita bila kuuliza. Hayo ndiyo maneno yaliyokufikia, na ndiyo yaliyokuudhi kuliko mguu wenyewe, kwa sababu kuuliza ni sheria uliyotupa kabla ya kutupa ufunguo. Ukasema anayepita bila kuuliza si mtoto wako.

Halafu ukasikia kwamba mtoto wa Mzee Abibu anasukuma makala barabarani. Ukasema ameamua kukuaibisha. Ni kweli anasukuma. Nilimwona mwenyewe, wiki ya pili baada ya ajali. Nilikuwa ndani ya taxi-bus, njia ya Katuba, tumekwama nyuma ya mtu mmoja na baiskeli iliyobeba magunia kupita kichwa chake. Dereva akapiga honi, akamfokea aondoe baiskeli, « Toka mu njia na kinga yako! » Abiria wakafyonza, na mimi nikafyonza pamoja nao, kwa nguvu. Yule mtu akageuka kutuangalia. Uso mweusi, suruali imekunjwa, midomo imepasuka kwa baridi. Ni Zakari. Nilishuka pale pale bila kuomba chenji yangu.

Unamkumbuka Zakari wetu. Huyu ndiye aliyekuwa anawasha gari kwenda kununua mkate pale pembeni, mahali ambapo sauti ya muuza mkate inatukuta kitandani. Na mimi nilikuwa ninapanda pamoja naye, nisijifanye mtakatifu. Aliniambia kwamba wateja wa Rigobert hawawezi kungoja miezi mitatu, watatafuta mtu mwingine, na watoto wanne watakula nini? Kwa hiyo anapeleka magunia yeye mpaka mguu upone. Siku ya kwanza alianguka mara mbili, akamwaga makala katikati ya rond-point, magari yakimzunguka, na akatukana kwa lugha tatu. Rigobert anamcheka kutoka kitandani. Anasema Zakari anasukuma baiskeli kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda.

Nilimuuliza kama hachoki. Alisema uchovu si neno, kinachomshangaza ni magari. Ukiwa na baiskeli, alisema, wenye magari hawakukasirikii hata kidogo, wanakupitia tu kana kwamba pale hapana mtu. Aliposema hivyo nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara.

Juzi nilikwenda Annexe kuwapelekea unga na samaki. Victorine alipotoka kuchota maji, Rigobert aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ananijua. Alisema aliniona kupitia kioo kabla gari halijamfikia, nimeinamisha kichwa, ninacheka. Polisi walimuuliza nani alikuwa anaendesha, alisema, hawakumuuliza nani alikuwa anaangalia. Hakunikaripia. Aliniuliza tu nilikuwa ninacheka nini.

Baba, Zakari aliuliza. Alisema, « Napita, yaya? » kama anavyoniita siku zote mimi dada yake mkubwa. Na mimi nikamjibu, « Pita, akuna muntu. » Sikuinua kichwa. Yasmine alikuwa amenitumia kwenye simu picha za vitenge vya sikukuu, na kimoja kilikuwa kibaya mpaka kikanichekesha. Nilisema hakuna mtu, na mtu alikuwepo, na mke wake, na watoto wanne nyuma yake. Zakari aliniamini kama wewe ulivyokuwa ukiniamini.

Polisi walipofika nilifungua mdomo, yeye akanitangulia. Nilinyamaza siku ile, nikanyamaza siku ya kikao chako, nikakaa pale kwenye mkeka nikikusikiliza ukimkana. Ninajishangaa mpaka ninajiogopa. Baadaye nilimuuliza kwa nini alidanganya. Alisema mikono iliyoshika usukani ilikuwa yake, na kwamba wewe unaweza kuvumilia dereva mbaya, lakini ukijua Jicho ndilo lililokudanganya, utaumia zaidi.

Nimekwisha kumwambia Rigobert yote, hata habari ya kitenge. Victorine naye alisikia. Akanisukumia mchi nitwange majani ya sombe. Hajanisamehe, ila anataka nirudi kesho, na nitarudi. Jumatatu ninakwenda polisi kusema nilichokuambia hapa. Ukitaka kunifungia mlango mimi, nitakuelewa.

Zakari hajui kilichomo humu. Anadhani ninakuandikia habari za sikukuu, na jana alisukuma magunia kutwa, miguu inamuuma. Ufunguo wa gari usimrudishie, hautaki. Mpe kiti akae.

Nisalimie Mama, umwambie asilie mbele ya wageni. Wasalimie majirani wote wa pale mpakani wanaoniuliza. Mungu akutunze na akupe usingizi mzuri, Baba, na mimi anirudishie wangu akipenda.

Sasa inuka, uende mlangoni. Angalia, uangalie tena, ndipo useme.

Mimi binti yako,
Rehema