Mihogo Mitatu ya Kando ya Choo

Liuli, 3 Machi 2024

Mjukuu wangu Herieth,

U mzima? Sisi tunapumua. Miguu inaniuma, wala huulizi.

Shamba limekwisha. Kila muhogo ninaong'oa umeoza ndani, kahawia kama tumbaku. Pingili zile aliniachia mama, nimezipanda miaka yote. Imebaki mihogo mitatu tu, wale wanaharamu walioota wenyewe kando ya choo kwa mbegu zilizodondoka. Majani safi! Kila mwaka nilikuwa naing'oa, mwaka huu nilichoka. Mdogo wangu Hedwiga anataka tuile. Wewe unayesomea kilimo huko Mbinga, dawa iko wapi? Au mnafundishwa kuvaa tai tu?

Bibi yako


Mbinga, 19 Machi 2024

Shikamoo Bibi,

Pole na miguu. Mimi mzima. Bibi Hedwiga naye shikamoo.

Dawa hakuna. Ila usiing'oe ile mitatu, nakuomba! Shamba lako lote lilikuwa muhogo mmoja uliokatwakatwa, ndiyo maana ugonjwa uliouweza mmoja umeiweza yote. Iliyoota kwa mbegu haifanani, kila mmoja una damu yake. Dhaifu imekufa, hii imehimili, na watoto wake watarithi ugumu huo. Ndivyo viumbe wote walivyobadilika tangu kale, kidogo kidogo, kwa kufa wengi na kubaki wachache. Kata mashina yake, panda. Barua anaileta Omary wa dagaa.

Mjukuu wako Herieth


Liuli, 14 Aprili 2024

Herieth,

Salamu sina. Barua imefika jana, mvua ilikata barabara. Ile mihogo mitatu tumekwisha kuila.

Hedwiga amekufa. Njaa ilimshinda, akaokota mihogo michungu, akailoweka siku moja badala ya nne. Nilimwambia! Akapika, akala, akatapika mpaka akatulia. Watu wakaja kuzika. Mimi Serafina, nisemwe kwamba nimemzika mdogo wangu watu wakiwa na midomo mikavu? Niling'oa yote mitatu, nikachemsha. Mashina tukakokea moto. Mabichi yale, moshi ulitutoa machozi kuliko msiba.

Usinisomeshe. Najua nilichofanya.

Bibi yako


Liuli, 2 Juni 2024

Mjukuu wangu,

U mzima? Hujajibu. Haya, kasirika, lakini soma.

Kumbe shina moja Bernadi, yule aliyechimba kaburi, alilichukua, akalichomeka kaburini kufungia msalaba. Limechipua. Majani safi, urefu wa kidole.

Unasema wagumu ndio hubaki. Hedwiga alikuwa mgumu kuliko mimi, mbona nimebaki mimi? Hilo usinijibu.

Watu wanasema cha makaburini hakiliwi. Waseme, wao wanakula nini? Mbuzi wanapita pale kila siku, nimehamishia kigoda changu kaburini, nawafukuza kwa fimbo. Likikatwa vizuri zitatoka pingili nne. Ila mkono wangu unakataa. Nikishika kisu namwona anavyotapika.

Njoo ukate wewe. Nimeshamwambia Hedwiga unakuja, asishtuke.

Bibi yako