Salongo ya Matangazo

Kalemie, Kataki
Jumapili, tarehe 21 Mei 2023

Mpendwa Shangazi Mireille,

Kabla ya kushika kalamu nimeapa kwamba leo nitakueleza yote, hata sehemu ninayoionea haya. Lakini siwezi kuanza kabla ya kukusalimu. Hujambo, Shangazi? Mguu wako unaendeleaje? Bado unavimba jioni? Na yule binti wa jirani, bado anakuja kukuchotea maji?

Hapa sote tu wazima. Papa amepona kikohozi. Mama anauza ndakala, ambao huko Kigoma mnawaita dagaa, kama kawaida, ingawa upepo wa kiangazi umeanza mapema na siku nyingine wavuvi wanarudi na nyavu zilizolowa tu. Shuleni nimekuwa wa tatu. Ungenipongeza, lakini ngoja kwanza umalize barua.

Anayekuletea ni Mama Pélagie, ambaye anavuka kuja Kigoma kununua vitenge. Sikutumia simu kwa sababu simu ya nyumbani ni ya Yaya Jovial, naye husoma kila ujumbe, na jambo hili amenikataza kukuambia. Namheshimu kaka yangu. Lakini jina lililo hatarini si lake, ni lako.

Unajua jinsi anavyoipenda ile tovuti yake ya meli. Kila asubuhi anashuka bandarini na daftari, anauliza meli ipi inakwenda Moba, ipi itasimama Zongwe, upepo wa jana ulikuwaje huko kusini, kisha anarudi kuandika. Watu wanaisoma kweli. Na matangazo yake yanapita kwenye akaunti yako tangu mwaka jana, pamoja na yale ya tovuti yako ya mishono, kwa sababu kampuni ya matangazo hutuma namba ya siri kwa barua ya posta, na huku kwetu barua za posta hazitufikii. Ulikubali bila kuuliza mara mbili. Nalifikiria hilo kila siku sasa.

Mwezi wa pili, asubuhi moja kabla ya chai, nilimkuta Yaya Jovial anabonyeza tangazo kwenye ukurasa wake mwenyewe, kwa kuwa kila likibonyezwa linaleta senti chache. Nikamuuliza kama inaruhusiwa. Akacheka, akasema, "Wanakataza mwenye tovuti. Mwenye njo Shangazi, na Shangazi iko Kigoma!" Nami nikacheka, kwa sababu kwenye akaunti mwenyewe ndiye wewe. Tangu siku hiyo alibonyeza kila asubuhi, kama mtu anayepiga mswaki.

Sehemu inayofuata ni yangu mimi, si yake.

Unakumbuka salongo ya Jumamosi, sote na mafagio na majembe, na kazi inayomshinda mmoja inakwisha kabla jua halijapanda. Jumamosi moja tulipomaliza kufagia uwanja wa shule, niliwaambia wenzangu wa darasa kwamba tunaweza kumfanyia kaka yangu salongo ndogo. Simu ya mmoja wetu ilipita mkono kwa mkono, wasichana ishirini na wawili, kila mmoja akabonyeza mara moja. Falone alibonyeza mara mbili akasema, "Moja ya Reine, moja ya harusi ya Jovial, kwa maana bila kitu nani atamukubali?" Tulicheka sana. Hakuna aliyejiona anaiba. Nilirudi nyumbani nikijisikia mtoto mwema.

Jumamosi iliyofuata tukarudia. Kisha wale wenye simu za nyumbani wakaanza kufanya kila siku.

Mwezi wa nne hesabu ya fedha ilipanda kuliko siku zote, na minerval yangu, karo ya muhula huu, ililipwa kutokana na fedha hiyo uliyotutumia. Sitaki ufikiri kwamba sikufaidika. Dawati ninalokalia limetoka kwenye vidole vya wenzangu.

Kisha hesabu ikasimama. Siku tisa namba ilikuwa ileile, asubuhi na jioni. Siku ya kumi matangazo yenyewe yakaanza kutoweka. Pale juu, palipokuwa na tangazo la duka la taa za jua, pamebaki peupe, kama meza ya sokoni ambayo mwenyewe hakuja na hakuna anayejua kwa nini. Ya chini tu ndiyo yaliyobaki. Yaya Jovial alisema ni mtandao. Alisema hivyo siku nne.

Mimi nilikwenda kwa Prof Éliézer, anayetufundisha kompyuta. Nilimuuliza kana kwamba ninasoma tu. Akaniambia kwamba yeye naye alikuwa na tovuti, ya maswali ya mitihani, na wanafunzi wake walikuwa wakimbonyezea matangazo kwa upendo. Kampuni inaona simu ileile inarudi, mtaa uleule, saa zilezile, na watu wanaobonyeza bila kusoma kitu. Haigombi. Inakaa kimya, inahesabu, halafu siku moja inafunga. Fedha inarudishwa kwa wenye matangazo, na jina lililofungiwa halifunguliwi akaunti nyingine. Ni miaka sita sasa, na lake bado limefungwa.

Nikauliza, "Na kama akaunti moja iko na tovuti mbili, Prof?"

Akaacha kufuta ubao. "Zinaanguka zote mbili. Reine, akaunti iko kwa jina la nani?"

Nilikuwa naiona cherehani yako imefunikwa kitambaa, tangu mguu ulipokataa kuikanyaga, na wewe umekaa dirishani unaandika masomo ya kukata mashati. Najua hayo masomo ndiyo yanayokulisha.

Nimelifikiria pia lile duka la taa. Tulilibonyeza mpaka nikajua maneno yake kwa moyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka taa. Mama huwafukuza watu wanaoshika-shika ndakala bila kununua, kwa sababu samaki wanavunjika na hasara ni yake. Mwenye duka yule alikuwa analipa kila tulipomshikia bidhaa. Sikuwahi kumwona, ndiyo maana sikumwonea huruma.

Niliwaomba wenzangu waache. Falone akaniambia, "Weye unaogopa mashini? Mashini iko na macho?" Wachache waliacha. Lakini, Shangazi, jambo lenyewe limeshanitoka mikononi. Leo baada ya misa Mama Fortunée wa kwaya alinishika bega, uso wote furaha, akaninong'oneza, "Mutoto wangu, leo tumebonyeza kumi na tano, kwa ajili ya masomo yako." Kumi na tano, mlangoni mwa kanisa, wakiwa na mavazi ya kwaya! Na Doudou, yule binamu wa Moba, ametuma salamu na meli ya Ijumaa kwamba vijana wa parokia yao nao wameanza, tusiwe na wasiwasi. Nikimzuia mmoja, wawili wanadhani naona aibu kusaidiwa, wanazidisha. Wanatupenda, na kila wanapotupenda wanakusukuma wewe ukingoni.

Nilimweleza Yaya Jovial yote. Akasema, "Usimwandikie Shangazi. Itapita." Sijawahi kumwona akiogopa kabla ya siku ile. Tangu hapo hashuki tena bandarini na daftari.

Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho hatanisamehe upesi. Itoe tovuti yetu kwenye akaunti yako siku hiyohiyo utakaposoma barua hii. Usitungoje, usituonee huruma. Kisha uiandikie kampuni ukweli wote, na kama wanataka jina la mkosaji, uwape langu. Prof Éliézer anasema huenda wakasikiliza kama mtu anajisema kabla ya kukamatwa. Hakuahidi. Minerval ya muhula ujao tutaitafuta, mimi na Mama, kwenye ndakala. Nami bado naamini kwamba Yaya Jovial atarudi bandarini, kwa sababu watu bado wanamuuliza habari za upepo.

Papa na Mama wanakusalimu, nao hawajui bado. Bibi Mamie anauliza kila siku kama unakula vizuri. Mdogo wetu Israël ameota meno mawili. Nisalimie jirani yako Papa Léon na wengine wote. Mungu aulinde mguu wako na mikono yako, na alilinde jina lako kutokana na sisi tunaolipenda.

Mama Pélagie anarudi Alhamisi. Huna haja ya kuandika barua ndefu, mpe neno moja tu kwenye karatasi, nitaisubiri gatini tangu asubuhi. Shangazi, ukijaribu kuingia kwenye akaunti yako leo, bado inakufungulia?

Mimi mwanao nikupendaye,
Reine