Nyumba Tatu za Sola

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mradi unafungwa tarehe thelathini. Nyumba arobaini za kina mama wazee wa kata ya Sola, zimejengwa kwa ruzuku, na sahihi ya mwisho ni yangu, afisa ufuatiliaji. Asubuhi Method, mratibu wetu, kaniwekea faili mezani: picha arobaini, fomu arobaini za makabidhiano zenye dole gumba. Kasema nisaini hapahapa Bariadi, gari halina mafuta, na mkaguzi wa mfadhili anafika wiki ijayo. Nikasema nitapitia kwanza. Akacheka.
Method ndiye aliyenitafutia kazi hii mume wangu alipofariki. Ni baba wa ubatizo wa mwanangu Goodness. Si mtu wa kumwambia hapana kirahisi.

Jumanne, 10 Juni
Nyumba namba 9 na namba 17 ni ukuta uleule. Moja imepigwa kwa mbele, nyingine ubavuni, ila lipu imebanduka palepale kwenye kona, umbo la sikio. Nikazipanga zote upya. Ya 23 na ya 31 nazo ni picha za kuazima.
Labda mpiga picha kachanganya. Labda.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda Sola kwa bodaboda. Ofisini niliaga kwamba Goodness anaumwa — uongo wangu wa kwanza katika jambo hili.
Namba 9 ipo, imesimama. Namba 17 ni ya bibi Nyanjige. Nimemkuta anachambua pamba nje ya kibanda chake cha nyasi. Ubavu mmoja kauziba kwa kiroba. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma. Akanipa kigoda, yeye akakaa chini. Nikamuuliza nyumba yake iko wapi. Akanyoosha mkono: msingi, na nyasi zimeota katikati. Na dole gumba? Akasema aliweka, aliambiwa ni karatasi ya chandarua.
Alidhani nimekuja kumalizia kujenga. Aliniuliza mara mbili mafundi wanarudi lini.
Nikamtafuta fundi Mayunga, aliyechimba ule msingi. Hakutaka kusema. Mwishowe: mabati na saruji za nyumba tatu walipakia kwenye lori, wakashusha Binza, kwenye fremu za maduka anazojenga Method. "Mimi ni fundi, mama Goodness. Bosi akisema pakia, napakia."

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwambia Method. Nilifunga mlango kwanza. Nilitegemea akane. Hakukana.
Kasema alikopa tu vifaa, fremu zikipata wapangaji atajenga zote tatu kabla ya Desemba. Halafu akaongea taratibu, kama anavyoongea na Goodness:
"Ukiandika, mfadhili anataka pesa zake zote. Ofisi inafungwa. Watu sita tunakwenda nyumbani, na yule bibi hajengewi na mtu yeyote. Ukisaini, anapata nyumba. Sasa wewe unamsaidia nani?"
Nikafungua mlango, nikatoka. Kinachoniumiza ni kwamba huenda hilo la bibi ni kweli.

Jumapili, 15 Juni
Misa. Method na familia yake benchi la mbele. Goodness alimkimbilia, akapewa pipi. Sikwenda kukomunika.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeandika ukurasa mmoja. Namba tatu, picha, maneno ya Mayunga bila jina lake. Sijampa mtu. Uko kwenye mkoba, fomu ya kufunga mradi nayo iko kwenye mkoba, haijasainiwa.

Jumanne, 17 Juni
Mkaguzi kafika, mama mmoja mpole, haraka nyingi. Kachagua majina matano ya kuhoji, na la Nyanjige limo. Nikashusha pumzi — ataona msingi kwa macho yake. Kumbe Method kamshauri wahojiwe hapa ofisini, eti barabara ya Sola itakula siku yake nzima. Kakubali. Na gari leo lina mafuta.
Saa tano wameletwa. Naandika nikiwa kwenye benchi la nje, Nyanjige yuko pembeni yangu, kavaa kitenge kipya. Sijui kakinunua nani. Wanne wameshaingia na kutoka. Nyumba wanazo, hawakuwa na la kuficha.
Bibi kaniinamia sasa hivi, kaniuliza kwa Kisukuma, sauti ya chini. Yule baba amemwambia akijibu kwamba nyumba anayo, atajengewa. Akijibu hana, basi tena. Anataka kujua kama ni kweli. Anasema ataniamini mimi, kwa sababu ni mimi niliyefika kwake.
Method kasimama mlangoni na simu mkononi, haongei na mtu.
Mkaguzi ameita jina lake. Bibi hajainuka. Kanishika mkono wa gauni, anasubiri niseme kama ni kweli.