Neno Lako "Kulemaza"

S.L.P. 47,
Nyumbani.
Jumapili, 8 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kifua chako kimetulia? Anti hajambo, na wadogo zangu wanaendeleaje na masomo? Sisi tu wazima, ila kuna jambo limenikaa kooni.

Mtihani nimemaliza, matokeo bado. Kwa sasa namsaidia mama mkubwa kwenye chumba chake cha kushonea. Napiga pasi na kushona vifungo.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikilizia humo humo, simu ikiwa juu ya meza ya kukatia. Ulisema umekipigia kura chama kinachotaka nchi yenu ya huko ipunguze misaada kwa nchi kama yetu, kwa sababu misaada "inatulemaza". Nilitoka nje nikajifanya naanika kitambaa, wasione nilivyokasirika. Unanijua kwenye simu: "Ndiyo mjomba, sawa mjomba," basi. Ndiyo maana naandika.

Ulisahau nani alikuwa anakusikiliza? Dada yako anazungusha cherehani kwa mkono kwa sababu mguu wake hauwezi kukanyaga pedali. Polio ilimpata akiwa mtoto, kabla chanjo haijafika kwetu. Wewe ulizaliwa baadaye, ukatiliwa matone mdomoni. Mama anasema uliyatema, ukabanwa pua ukatiliwa mengine. Matone yale yalikuwa msaada, Mjomba. Ukakua, ukacheza mpira mpaka chuo kimoja kikakuita kusoma huko.

Mama mkubwa alicheka tu. "Mwambie huyo mdogo wangu," alisema, "mimi nililemaa kabla misaada haijaja." Akaendelea kuzungusha gurudumu. Mimi sikucheka.

Halafu dada yangu amejifungua mtoto wa kike. Jumanne nilimsindikiza kliniki akachanjwe. Tulikuta friji ya chanjo imezimwa, mlango wake umeachwa wazi, umezuiwa kwa kiti usijifunge, ili isinuke. Mradi uliokuwa ukileta chanjo umefungwa, kwa kuwa huko mliko fedha zimekatwa ghafla.

"Mrudishe nyumbani, mama," muuguzi alimwambia dada. "Ukisikia zimefika, uje."

"Nitasikia wapi?"

Muuguzi akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Najua utasema serikali yetu inunue yenyewe. Inunue, ndiyo, na nimeikasirikia hiyo pia. Lakini mtu akiwa bado juu ya paa humwondolei ngazi, halafu ukamwambia anajifunza kujitegemea. Nchi zenye uwezo ziendelee kutoa mpaka tuweze kushuka wenyewe. Wala si hisani tupu, maana polio haiombi viza. Ikirudi kwetu, itafika na huko, na wadogo zangu wako huko.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hayo hayakusemwa na mgeni asiyetujua. Yamesemwa na wewe, uliyekuwa ukimbeba dada yako mgongoni kumpeleka shule. Mama ndiye aliyenisimulia.

Sikuombi pesa. Uliwahi kutuambia kwamba ofisi ya mbunge wenu iko mtaa wa pili kutoka kazini kwako. Nenda ukamweleze habari ya friji ile na ya mtoto wetu. Nenda kwa miguu.

Mama anakusalimu, na dada na mtoto pia. Mama mkubwa anakushonea shati. Alinikataza kukuandikia haya, akanipa nauli ya kwenda posta.

Mungu awalinde nyote, awape watoto wenu miguu yenye nguvu.

Wako akupendaye hata akikasirika,
yule mliyempachika jina la Kimya