Oti Ulizopeleka kwa Mashine ya Posho

Dada yangu mkubwa,

Sijui kama salamu zangu bado una kazi nazo huko Kitale ulikohamia. Neema yuko hai, tushukuru Mungu. Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hushiki, na kwa sababu akina mama wa hapa Mbotela waliowanunulia watoto wao biskuti zetu wana haki ya kusikia.

Unakumbuka zile za kwanza? Daktari alikuwa amesema ngano isiguse tena mdomo wa mwanangu, hata makombo ya chapati, maana matumbo yake hayaiwezi. Majirani walicheka. "Ugonjwa wa matajiri umefikaje Mbotela?" Wewe hukucheka. Ulikuja na sufuria yako kubwa, ukamwaga mchanga ndani yake, ukaweka makaa juu ya kifuniko, tukaoka biskuti za unga wa mtama na mchele. Wee! Zilivunjika kabla hazijafika sahanini. Neema alizila kwa kijiko, nawe ukamtania, "Kula uji wako mkavu, mama."

Oti zilikuwa wazo lako, sikunyimi hilo. Ulisema uji wa oti unavyonata, lazima utashika unga. Nikazunguka mjini kutafuta zile zilizoandikwa pakitini kwamba hazikuchanganyika na ngano, kwani daktari alinionya kuwa oti za kawaida hukutana nayo shambani na kiwandani. Nyingine tuliziacha nzima, nyingine tukazitwanga kwenye kinu cha mbao kisichowahi kuona ngano, tukazilowesha kidogo kwa maziwa. Biskuti zikashikana. Neema aliuma moja, ikakatika vizuri, akatuonyesha alama ya meno yake. Siku hiyo nilikupenda, dada, nilikupenda hadi nikalia.

Kisha watu wakaanza kuagiza, na wewe ukachoka kutwanga. Bila kuniambia ukabeba oti zetu hadi kwenye mashine ya posho, palepale watu wanaposaga ngano yao ya chapati. Ukafanya wanavyofanya wote: ukamwaga konzi ya kwanza isukume unga wa mteja aliyetangulia, ukawatupia kuku, ukahesabu mashine imetakata. Kwa mahindi, sawa. Nani atalalamika ugali ukiwa na chembe za mtama wa jirani? Lakini kwa Neema!

Na hilo kosa ningelisamehe. Haki ya Mungu, ningelisamehe. Ila tulipokuwa wodini, tumbo la mtoto limevimba na macho yameingia ndani, ulisimama kando ya kitanda ukaniuliza mbele yake, "Ulimpa nini huyu mtoto?" Mimi! Nilirudi nyumbani nikatupa mtama, nikatupa mchele, nikasugua masufuria mpaka vidole vikachubuka, nikitafuta kosa langu. Ukanitazama tu. Nilijua ukweli pale mwenye mashine aliponiuliza mbona dada yangu siku hizi haleti oti. Nilipokukabili ukafoka, "Si nilimwaga konzi? Mbona unanifanya mchawi?" Wiki hiyo hiyo ukafunga virago. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa natwanga peke yangu. Biskuti zinatoka nzuri, nzuri hata kuliko zile zetu, na Neema hazigusi. Anakula ndizi, kwa kuwa anaimenya mwenyewe. Juzi nilimbembeleza aonje kipande tu, akasukuma sahani. "Utaniumiza tena, mama. Acha Anti arudi, yeye ndiye anajua kupika."

Nilikwenda kusimama nyuma ya mlango nikauma kanga yangu asinisikie. Sijawahi kumwambia ni nani aliyemuumiza, kwa sababu anakupenda, na kwa sababu nilidhani utarudi useme mwenyewe. Nimelisafisha jina lako kwa jina langu, na mwanangu ananiogopa. Nina hasira nawe, dada, hasira ambayo hata kanisani haitoki.

Pole zako sizitaki. Njoo ukae naye kitandani pake, umwambie haukuwa mkono wa mama yake. Ameanza kusoma. Kwa sasa bado anafuata herufi kwa kidole, silabi moja moja, na barua hii ni ndefu kwake. Njoo kabla hajaweza kuimaliza.

Mdogo wako,
Mama Neema